Kama Ndiwe, Gonga

Mjukuu wangu Yasna kaisimamisha simu mezani,
kaiegemeza kwenye chupa ya siki,
kaniuliza jina.
Nolfa, nikasema. Nolfa Barría Cárcamo.
Jina likatoka na harufu yake:
kome waliochemka, mabuti ya mpira, moshi wa kuni mbichi.

Wakatokea kina Nolfa kumi na wanne.
Mmoja anauza keki za harusi huko Osorno.
Mmoja ni msichana mwenye pete puani.
Mmoja hana uso, ana picha ya paka tu.
"Yupi, bibi?"
Nitajuaje? Nilimwacha ana miaka ishirini na tatu,
nywele ndani ya kitambaa, kisu mkononi,
anafungua kome mia sita kwa saa
na bado ana nafasi ya kumsengenya bibi harusi wa Jumapili.

Pale kiwandani Calbuco tulikatazwa kusema.
Bi Edelmira, msimamizi, alivaa viatu vya soli ya kamba,
husikii hata hatua.
Basi tukagonga. Mpini wa kisu juu ya bati:
mara moja, nina njaa;
mara mbili, tazama mlangoni, yule mvulana wa barafu kaingia;
mara tatu, nyamaza, anakuja.
Lugha ya maneno matatu,
ikatutosha misimu minne.

Kisha akaolewa, akavuka Andes,
akaenda Río Gallegos kwenye upepo na kondoo.
Aliniandikia barua mbili.
Ya kwanza niliijibu.
Ya pili aliomba nauli, arudi.
Nami nilikuwa nayo, ndani ya kopo la kahawa.
Nikanunua cherehani.

Milima haikutani, binadamu hukutana: ndivyo wasemavyo.
Miaka arubaini na minane nimeisingizia Andes.
Mlima ulikuwa mimi.

Waandikie wote, nikamwambia Yasna.
Andika hivi: Kama ndiwe, gonga.
Akanitazama kama mtu anayehesabu vidonge vya mgonjwa.
Akaandika.

Wiki ya kwanza muuza keki alijibu kwa adabu
kwamba siye, ila ananitakia heri,
na bei zake hizi hapa.
Wiki ya tatu mwenye pete puani akauliza: nigonge nini?
Mvua ikanyesha mpaka viazi vikachipua guniani.

Jumapili moja, paka akajibu.
Si maneno. Sauti, sekunde sita.
Yasna akasikiliza, akasema hii imeharibika, kelele tupu.
Ko. Ko. Ko.
Nami, mwanamke wa miaka sabini na moja,
nikainamisha kichwa,
nikaficha mikono chini ya meza,
nikanyamaza
kama vile Edelmira yuko nyuma yangu.

Sasa tunaongea Alhamisi.
Ana goti la chuma. Mume alikufa, "hatimaye," anasema,
kisha anacheka, kisha anaomba Mungu amsamehe, kisha anacheka tena.
Mara nyingine hatuna la kusema,
tunatazamana tu tunavyokunywa chai,
kila mmoja akishangaa yule mzee mwingine kaingiaje pale.

Nilijikaza miezi miwili ndipo nikaitaja nauli.
"Nauli gani?"
Barua ya pili, Nolfa.
"Sikuandika barua ya pili mimi. Au niliandika?
Wewe je, unakumbuka ulivyonifunga kidole
kwa utepe wa nywele zako, siku kisu kilipoteleza?
Ulikuwa wa kijani. Ulikuwa mpya."
Sikumbuki utepe wowote.
Akasema nisogee nione,
akakileta kidole karibu na kioo, na kovu lake,
jembamba, jeupe kama uzi.

Picha ikaganda hapo hapo,
kidole kimejaa simu nzima.
Yasna ananyoosha mkono azime, awashe upya.
Subiri, namwambia.
Cherehani ipo pale dirishani, ingali inashona.
Subiri kidogo.